Jembe Kabla ya Masika

Barabara ya udongo huharibiwa na maji kuliko magari. Ndiyo maana kazi yake kubwa hufanywa kabla mvua haijaanza: kuzibua mitaro, kutoa matope kwenye makalvati, kufyeka nyasi kandoni, kujaza mashimo na kuinua mgongo wa barabara ili maji yakimbilie pembeni. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Lakini nani ashike jembe, na alipwe nini? Nchini Kenya swali hilo limemwaga damu. Enzi za ukoloni machifu waliwatoa watu majumbani kwa nguvu, wanawake na wasichana wakiwemo, wakachimbe barabara bila ujira. Harry Thuku aliipinga kazi hiyo hadharani. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika Nairobi kudai aachiliwe. Polisi walifyatua risasi, na Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa miongoni mwa waliouawa.

Mwaka 1974 serikali huru ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uliotegemea mikono ya wanakijiji kuliko matingatinga, na mikono hiyo ililipwa. Barabara ilipokamilika, mmoja wa waliojenga, anayeishi jirani, alikabidhiwa kipande cha kilomita moja au mbili akitunze kwa malipo ya kila mwezi.

Zana zilikuwa zilezile: jembe, beleshi, panga. Ila sasa aliyezishika alikuwa na mkataba. Ukiona mtaro umejaa mchanga na masika yamekaribia, usikimbilie kuwaita wanakijiji wavivu. Uliza kwanza kama wa kuuzibua amelipwa.