Siku 611 Bila Kuzimwa

Juzi rafiki yangu wa Bungoma, anayetengenezea shule tovuti, alinitumia picha ya skrini akijivunia seva yake: imewaka siku 611 bila kuzimwa. Sikumpongeza. Nilimuuliza tu, "Keneli yako ni ya lini?"

Mimi nilianza kujali mambo haya Januari 2012, nikiwa mwanafunzi Kitale, mdukuzi wa Indonesia alipochafua tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa usiku mmoja. Nikawa nauliza kila mtu: kwani tovuti hukaa wapi?

Zile za bei nafuu hukaa kama wapangaji kwenye ploti. Kila mtu na chumba chake, lakini keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayoshika funguo za vyumba vyote. Mpangaji mmoja akimzidi akili mshika funguo, ploti nzima imekwisha.

Hivyo ndivyo kasoro iliyoitwa Dirty COW ilivyofanya kazi. Linux ikitakiwa kunakili ukurasa wa kumbukumbu kabla ya kuuandika, ungeweza kuiharakisha hadi ikaandika juu ya ule wa asili. Mtumiaji wa kawaida aliyeruhusiwa kusoma faili tu akaweza kuibadilisha, na kutoka hapo akajifanya msimamizi mkuu. Phil Oester aliigundua mwaka 2016 baada ya kunasa shambulio katika mawasiliano ya seva yake ya wavuti. Kasoro ilikuwamo tangu toleo 2.6.22 la mwaka 2007! Linus Torvalds mwenyewe alieleza kwamba alijaribu kuiziba miaka 11 kabla, kiraka kikaondolewa kwa sababu kilisumbua mashine za s390.

Oktoba hiyohiyo viraka vikatoka. Lakini hapa ndipo wengi hujidanganya: ukisasisha, keneli mpya inakaa kwenye diski, huku ile ya zamani ikiendelea kutawala hadi uwashe mashine upya. Mbinu ya kubandika kiraka keneli ikiwa inakimbia iliingia Linux 4.0 mwaka 2015, ila haijiwashi yenyewe. Lazima mtu aiandae.

Kwa hiyo (msicheke) tarakilishi ya saiba ya Kitale, inayozimwa na stima kila ikipotea, yaweza kuwa inatumia keneli mpya kuliko seva ya kulipia huko ng'ambo yenye jenereta na betri.

Rafiki yangu alibisha: walimu watalalamika tovuti ikizimika. Tukaingia pamoja, tukaandika uname -r. Keneli ilikuwa ileile ya siku ya kwanza. Kwenye diski zilikuwapo nne mpya zaidi, na hakuna hata moja iliyowahi kuwashwa.

Akachagua Jumapili saa tisa usiku. Tovuti zilipotea dakika tatu. Hakuna mwalimu aliyepiga simu.