Jostiki ya akedi
Jostiki ya akedi ni kifaa cha kuchezea michezo ya video, hasa ya mapigano. Ina mpini na vitufe vilivyofungwa juu ya sanduku, kama zilivyo mashine za sarafu katika kumbi za michezo. Street Fighter II ya Capcom (1991) hutumia vitufe sita: vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke.

Mpini wa Kijapani, kama JLF wa Sanwa, hurudishwa katikati kwa springi. Ule wa Kikorea, unaopendwa na wachezaji wengi wa Tekken, hurudishwa kwa mpira.

Kabla ya kununua, mnunuzi huangalia kwanza kama kifaa kinakubaliana na mashine yake, kwani jostiki ya PlayStation kwa kawaida haifanyi kazi kwenye Xbox bila kigeuzi. Pia sanduku jepesi huteleza mapajani. Vitufe vya kipimo cha kawaida cha milimita 30 hubadilishwa kwa urahisi vikiharibika.

Jostiki si lazima ili kushinda: mwaka 2014 Mfaransa Olivier Hay, maarufu kama Luffy, alitwaa ubingwa wa Ultra Street Fighter IV kwenye mashindano ya Evo, Las Vegas, akitumia pedi ya PlayStation.