Somo la Historia: Mama Seacole na Hoteli ya Kando ya Barabara

Leo tuna somo la historia. Kaeni vizuri, na mwenye kalamu aishike.

Ninyi mlio Ndungu mnaijua barabara ipitayo chini ya milima ya Upare, kutoka Same mpaka Mkomazi. Msafiri akiona njaa hutafuta hoteli. Hatafuti nyumba ya ghorofa yenye vitanda, bali mahali penye chai, wali na benchi la kukalia. Leo tutasoma habari za mwanamke aliyeendesha hoteli ya namna hiyo, mbali sana na hapa, tena wakati wa vita.

Jina lake Mary Seacole. Alizaliwa mwaka 1805 mjini Kingston, katika kisiwa cha Jamaika. Siku zile watu weusi wengi wa kisiwa kile walikuwa watumwa; utumwa ulikomeshwa huko kati ya mwaka 1834 na 1838. Lakini mama yake Mary alikuwa mwungwana. Baba yake alikuwa askari kutoka Skotland. Mama alikuwa na nyumba ya wageni, tena alijua dawa za miti. Kwake Mary alijifunza kazi mbili: kulisha na kuuguza.

Mwaka 1851 Mary alikwenda Panama, njia ya watu waliokimbilia dhahabu ya Kalifornia. Huko alifungua mahali pa kula, tena aliwauguza wagonjwa wa kipindupindu.

Baadaye Waingereza, Wafaransa na Waturuki walipigana na Warusi huko Krimea, kwenye Bahari Nyeusi. Mwaka 1854 Mary alifika London, akaomba apelekwe kuuguza askari. Alibisha mlango huu, akabisha ule, kote akakataliwa. Akajiuliza: Je, ni kwa sababu ya rangi yangu?

Je, alirudi kwao? La! Alisafiri kwa fedha yake mwenyewe. Mwaka 1855, yeye na mwenzake Thomas Day walijenga hoteli karibu na barabara itokayo bandari ya Balaklava kwenda kambini. Waliijenga kwa mbao zilizookotwa majini, mabati na masanduku ya mizigo.

Aliuza chakula, vinywaji na vitu vya dukani. Wakulima wa mpunga, sikieni: askari walipenda sana wali wake mtamu, aliokuwa akiupika bila maziwa! Ulevi na kamari alivikataza. Saa 2 usiku alifunga mlango. Wagonjwa aliwapa dawa, na majeruhi aliwafuata mpaka penye mapigano. Askari wakamwita Mama.

Machi 1856 amani ikaja. Ilikuwa furaha kwa watu wote, lakini kwa Mama Seacole ilikuwa hasara. Hoteli ilikuwa imejaa bidhaa, na wanunuzi walikuwa wanapanda meli kurudi kwao. Aliuza kwa bei ya kutupa. Mwaka huohuo, huko Uingereza, akafilisika.

Tusimame hapa kidogo. Mama huyu hakuwa mvivu. Lakini mali iliyo rafuni si fedha mpaka inunuliwe. Wewe unayewapikia watu wa kambi ya barabara, jiulize: Kambi ikihama, nitamwuzia nani?

Mwaka 1857 askari walimfanyia tamasha la siku 4 ili kumchangia, lakini fedha iliyomfikia ilikuwa kidogo. Mwaka huo kitabu cha maisha yake kilichapishwa. Alifariki mwaka 1881, na kwa miaka mingi watu wakamsahau. Kitabu hakikumsahau. Kilichapishwa tena mwaka 1984, na mwaka 2016 sanamu yake ilisimamishwa London, mbele ya hospitali ya St Thomas'.

Ndugu mwanafunzi, njia yetu nayo ni ya zamani. Karne ya 19 misafara ya wapagazi kutoka pwani ilipita chini ya milima hii, ikinunua chakula njiani. Waulize wazee wako: Ni nani waliowalisha wasafiri hapa zamani? Wakikutajia jina moja, liandike. Sasa unajua kuandika.

Maswali
1. Mary alijifunza kazi gani kwa mama yake?
2. Kwa nini amani ilimletea hasara?
3. Andika sentensi 3 juu ya mtu wa kijijini kwako aliyewahi kulisha wasafiri.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.