UZI: "Nani alimaliza Mau?" ni swali lililokaa vibaya

1/ Kila kiangazi kikirefuka, na kila uchaguzi ukinukia, Mau inarudi kwenye mijadala yetu. Mmoja anasema wakulima wadogo ndio walimaliza msitu. Mwingine anasema ni kampuni za chai. Wa tatu anasema tupande miti tu, yaishe. Wote watatu wanapigiwa makofi.

Mimi ni wa Siongiroi, Bomet, nasoma sayansi ya siasa. Hoja yangu ni hii: ardhi yetu haikubadilika siku moja wala kwa njia moja. Ilibadilika kwa njia angalau tano, na kila njia ina miaka yake, watu wake na madhara yake. Ukizichanganya, lawama yote inamwangukia aliyefika mwisho na panga. Aliyetangulia na kalamu hata hatajwi.

Sitataja mwanasiasa wala chama. Miaka itatosha.

2/ Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Hesabu ya kitaifa ya mwaka 2021 ilisema eneo lenye miti Kenya ni asilimia 12.13. Kwenye hesabu hiyo hiyo, msitu ni asilimia 8.83. Watu wanarusha namba hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja.

Eneo lenye miti linajumlisha hata miti ya shambani kwako. Katiba ya 2010, Kifungu cha 69, inadai angalau asilimia 10 ya miti, sio ya msitu. Kwa hiyo mtu anaweza kusimama jukwaani aseme "tumefikisha lengo la Katiba" na asiwe amedanganya, huku msitu wenyewe ukiwa haujaongezeka hata ekari moja. Shikilia hilo, tutalirudia.

3/ NJIA YA KWANZA: ardhi kugeuzwa shamba la chai.

Mwaka 1915 sheria ya ardhi ya kikoloni ilifanya ardhi ya Mwafrika kuwa mali ya Taji la Uingereza. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ikatenga takriban ekari 25,000 huko Kericho kwa maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walikuja kulima kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mpango ukafa, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa za chai zikaingia, Brooke Bond na James Finlay zikiwa mbele.

Yaani kabla mti kuanguka, kulikuwa na sheria, ramani na mkataba wa kuuza. Wazee wetu walirudi kwenye ardhi hiyo kama vibarua wa kuchuma chai. Ruhusa ya Mwafrika kupanda chai yake mwenyewe ilichelewa hadi miaka ya 1950.

4/ Sasa hapa kuna kitu ambacho upande wangu hawapendi kusikia.

Mwaka 1958 watafiti wa shirika la kilimo na misitu la Afrika Mashariki walianza kupima mabonde mawili karibu na Kericho. Bonde la Lagan liliachwa msitu. Bonde la Sambret, sehemu yake ikafyekwa na kupandwa chai. Walipima mvua na maji ya mto kwa miaka mingi.

Matokeo? Chai ilipokomaa na kufunika ardhi, mto haukukauka. Maji ya mwaka mzima hayakupungua. Udongo nao ulishikwa, kwa sababu shamba lilikuwa na mitaro na kinga za mmomonyoko.

Kwa hiyo anayesema "chai ndiyo ilikausha mito" anahitaji kutuonyesha vipimo vyake. Lakini anayesema "basi chai haina neno" naye asikimbie. Kifaa cha kupima maji hakipimi nani alifukuzwa, wala nyuki, tumbili na dawa za miti zilizopotea. Kampuni inaweza kuwa haina hatia ya mto na bado ikawa na kesi ya kujibu kuhusu ardhi. Hizo ni kesi mbili.

5/ NJIA YA PILI: msitu wa asili kugeuzwa msitu wa kupanda.

Hii haionekani kwa macho ya barabarani, maana kijani kinabaki. Wakati wa ukoloni na hata baada ya uhuru, sehemu za misitu ya nyanda za juu zilikatwa zikapandwa msonobari na saiprasi kwa ajili ya mbao. Wakulima walipewa vipande walime mahindi na viazi huku wakitunza miche, kisha wakahamishwa miche ikikua. Ndio ule mpango wa "shamba system". Ulipigwa marufuku miaka ya 1980 na ukarudishwa baadaye kwa jina lingine.

Kwenye karatasi huo ni msitu. Kwa Ogiek mwenye mizinga yake, hapo hapana msitu. Nyuki hapati maua ya kutosha kwenye msonobari.

Na Ogiek wenyewe? Tume ya ardhi ya kikoloni ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilipendekeza waondolewe msituni, wachanganywe na makabila jirani. Ilichukua hadi tarehe 26 Mei 2017 kwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, pale Arusha, kusema Kenya ilivunja haki zao. Mwaka 2022 mahakama hiyo ikaamuru walipwe fidia. Kwa hiyo neno "kuokoa msitu" limeshatumika kuwaondoa watu walioutunza. Ukilisikia tena, uliza linamaanisha nini safari hii.

6/ NJIA YA TATU: msitu kukatwa kwa kalamu.

Mwaka 2001 serikali ilitoa zaidi ya hekta 60,000 za misitu ya Mau kutoka kwenye hifadhi, kwa tangazo la Gazeti Rasmi. Zaidi ya nusu ilikuwa Mau ya Mashariki. Mau ya Kusini-Magharibi, ile inayotazamana na Kericho na Bomet, ilipoteza zaidi ya hekta 22,000. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwapa ardhi wasio na ardhi, wakiwemo Ogiek.

Mwaka 2004 Ripoti ya Ndung'u kuhusu ardhi ya umma ikaeleza jinsi ardhi za aina hii zilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini. Mwaka 2009 kikosi kazi cha serikali kikasema Mau ilikuwa imepoteza karibu robo yake, zaidi ya hekta 100,000, katika takriban miaka ishirini.

Maasai Mau ina hadithi yake. Huko mashamba ya vikundi yaliyopakana na msitu yalipimwa upya, mipaka ikasogea ndani ya msitu, kisha vipande vikauzwa. Wanunuzi wengi walikuwa watu wa huku kwetu.

7/ Hapa niseme la nyumbani. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa walionunua ardhi ya msitu. Aliuza ng'ombe wanne, akaongeza na akiba ya miaka, akanunua kipande huko juu. Alipewa karatasi yenye muhuri. Alijenga, akalima viazi, akasomesha. Kisha ikaja siku ya kuondoka, na karatasi ikawa haina maana. Leo analima robo ekari kwa kogo, bibi yetu.

Sisemi mjomba hana kosa. Aliona miti mikubwa ikianguka na alijua anasimama wapi. Nimemuuliza akaniambia, "Mwenye muhuri aliniambia hapa ni shamba. Mimi ningembishia na nini?" Sijapata jibu la kumpa. Ila nimeona kwamba kwenye mijadala yote ninayosikiliza, mjomba anaitwa mvamizi, na aliyegonga muhuri hana jina.

8/ NJIA YA NNE: msitu kubaki jina.

Hapa hakuna tangazo la serikali. Mtu anaingia na msumeno, anachagua mti mmoja mzuri, anatoka. Mwingine anachoma makaa. Mwingine analisha ng'ombe kila siku hadi miche haioti tena. Kutoka juu ramani bado inaonyesha kijani. Ukiingia ndani unakuta vichaka na visiki.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha ukanda wa chai ya Nyayo kuzunguka misitu, ili chai iwe ukuta kati ya watu na msitu. Wazo lina akili: ukishapanda chai, mpaka unaonekana. Lakini kumbuka, ukanda wenyewe ulipandwa kwenye ardhi ya msitu. Na ukuta wa chai humzuia anayesogeza shamba. Mwenye msumeno anapita tu.

9/ NJIA YA TANO: vichaka, nyasi na vinamasi kugeuzwa mahindi na blugamu.

Watu wa mbali wakisikia Bomet wanafikiri kote ni chai. Siongiroi ni Chepalungu, chini zaidi, pakavu zaidi. Kwetu ni mahindi na maziwa. Chepalungu ilikuwa nchi ya vichaka na mbung'o, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilivifyeka ili watu wakae. Hakuna anayelilia kichaka kwenye mijadala, maana kichaka sio msitu. Ila kichaka ndicho kilishika udongo kwenye miteremko, na kinamasi ndicho kilitunza maji ya Januari.

Leo vinamasi vingi vimepandwa blugamu. Ni pesa: viwanda vya chai vinahitaji kuni za kukaushia majani, na nguzo zina soko. Lakini mti huo unakunywa maji sana, na kinamasi ndio mahali pabaya zaidi pa kuupanda. Sasa rudi kwenye ile namba ya 2/. Blugamu kwenye chemchemi inahesabiwa kama mafanikio ya kupanda miti.

Na mahindi juu ya mahindi, msimu baada ya msimu, yana bei yake. Ule ugonjwa uliokausha mahindi nchi nzima uligunduliwa Kenya mara ya kwanza Septemba 2011, hapa hapa Bomet, eneo la Longisa. Virusi vyake hupenda mahali ambapo mahindi hayakosekani shambani.

10/ Madhara yanakwenda wapi? Fuata mto. Nyangores unatoka Mau, unapita Tenwek ambapo maporomoko yake yanatoa umeme wa hospitali, unapita Bomet mjini, kisha unakutana na Amala na kuwa Mara. Unaingia mbuga ya Maasai Mara, unavuka Serengeti, unamwagika Ziwa Victoria karibu na Musoma. Takriban kilomita 400, nchi mbili.

Msitu ukigeuka mahindi kwenye mteremko, mvua haizami kama zamani, inakimbia. Msimu wa mvua mafuriko yanapanda, kiangazi mto unapungua, na maji yanakuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Watafiti waliopima mito ya Mau ya Kusini-Magharibi walikuta udongo mwingi unatoka kwenye mashamba madogo, kuliko kwenye msitu au chai. Hiyo inauma kwa sababu mashamba hayo ni yetu. Lakini jiulize kwa nini mkulima mwenye ekari moja analima hadi ukingoni mwa mto. Ukirudi nyuma miaka mia moja, jibu lake moja liko kwenye zile ekari 25,000.

11/ Kwa hiyo ukiwa kwenye mjadala na mtu akasema "turudishe Mau", muulize maswali matatu.

Moja: unazungumzia mabadiliko yapi kati ya haya matano? Dawa ya msitu uliokatwa kwa tangazo sio dawa ya msitu unaoliwa na msumeno. Na kupanda miche milioni hakuponyi kinamasi.

Mbili: nani alitia sahihi? Kama mpango wako unaanza na mwenye jembe na unaishia kwa mwenye jembe, huo ni nusu mpango.

Tatu: utapima nini? Ukisema miti, nitakuuliza ni miti gani na iko wapi. Mimi ningepima maji ya Nyangores mwezi wa Februari.

12/ Wiki iliyopita nilimsomea kogo rasimu ya uzi huu. Alisikiliza hadi mwisho, akasema umekuwa mrefu, kisha akanionyesha bonde lililo chini ya boma. Anasema alipoolewa hapo walichota maji mwaka mzima. Leo kuna blugamu safi, zimenyooka, na shimo kavu. Nimemuuliza zilipandwa na nani. Akacheka: "Ni babu yako. Chifu aliwaambia wapande miti."

Zitakatwa baada ya mavuno, tumekubaliana. Mjomba ndiye ameomba kupanda matete na mianzi hapo. Mwisho wa uzi. Kama kwenu kuna chemchemi ya aina hii, andika hapa chini ilikuwa nini, na nani alisema ibadilishwe.