Mvua ya Jana Haizuii Moto wa Leo

Kwetu pwani mvua ikinyesha twasema hatari ya moto imekwisha. Nami niliamini hivyo, hadi kazi iliponileta Kisumu nikapanga nyumba ukingoni mwa uwanda wa Kano. Huku nimejifunza kuangalia mambo matatu: mvua ya msimu uliopita, mvua ya siku hizi na upepo wa saa ile.

Mvua ya msimu ndiyo inayoootesha kitakachoungua. Vuli ya Oktoba hadi Disemba ikiwa njema, nyasi hurefuka na kusongamana, kisha jua la Januari na Februari huzikausha. Mwaka wa ukame ng'ombe huzimaliza, moto ukakosa chakula. Basi mwaka wa neema ndio wa kuhofia.

Mvua ya jana husaidia kidogo tu. Gogo hukaa na maji siku nyingi, lakini unyasi mkavu ni mwembamba. Jua na upepo wa saa chache huukausha tena.

Kisha upepo. Usiku hadi asubuhi huvuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana ardhi ikishika joto, hugeuka ukatoka Ziwa Victoria kuja bara, tena kwa nguvu zaidi. Wavuvi wa Dunga wanaujua, kama wavuvi wetu wanavyoujua umande.

Jirani yangu alichoma mabua saa tatu asubuhi, upepo ukielekea ziwani. Alasiri, moto aliodhani umekufa ukafufuka na kurudi kijijini. Tuliokoa nyumba kwa ndoo na matawi mabichi. Zizi la mbuzi hatukuliwahi.

Ng'ambo ya ghuba, katika bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, iko Hifadhi ya Taifa ya Ruma, kilomita za mraba 120. Ndiyo makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya. Ndama wake hufichwa nyasini, na moto wenye upepo hauwapi nafasi.

Kwa hiyo fyeka ukanda kuzunguka boma nyasi zingali mbichi. Na kabla ya kuwasha chochote, usiulize mvua ilinyesha lini. Vunja unyasi mmoja mkononi: ukikatika kwa mlio, rudisha kibiriti mfukoni.