Jo aliolewa au alilipwa?

Wadau, walioitazama Little Women ya Greta Gerwig (2019) hawaishi kubishania mwisho wake: Jo kaolewa na Profesa Bhaer au hajaolewa? Tunamwona akimkimbilia stesheni, wanabusiana chini ya mwavuli mvua ikinyesha... halafu tunarudishwa ofisini kwa mchapishaji, mzee aliyekwisha kumwambia kuwa msichana wa kwenye hadithi lazima mwishoni aolewe au afe. Jo anakubali kumwoza mhusika wake. Hakimiliki ndiyo hauzi, na mrabaha anaubana hadi asilimia 6.6.

Mimi naona wa kuulizwa ni Louisa May Alcott mwenyewe.

Sehemu ya kwanza ya kitabu ilitoka Boston mwaka 1868, Jo akiwa hana mchumba. Barua za wasichana zikamiminika: ataolewa na nani? Wengi walimtaka Laurie, kijana tajiri wa nyumba jirani. Louisa alikereka, akaandika kwenye shajara yake kwamba wanaongea kana kwamba kuolewa ndiyo hatima pekee ya mwanamke. Basi sehemu ya pili ilipotoka mwaka 1869, Jo akaolewa kweli, ila na profesa Mjerumani, mtu mzima, mfukoni hana kitu. Kama ule si ukaidi, sijui tuuite nini!

Na pesa je? Baba yake, Bronson, alikuwa mwanafalsafa wa mawazo mengi na kipato kidogo. Louisa alishona, akafundisha, akafanya kazi za ndani, akauguza askari wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Thomas Niles, mchapishaji wake, alimshauri asikiuze kitabu moja kwa moja, abaki na hakimiliki na alipwe mrabaha. Akamsikiliza. Madeni ya familia yakaisha.

Yeye hakuolewa maisha yake yote. Lakini sheria ya Marekani ya wakati ule ilisema mwandishi akifa, ni mjane wake au watoto wake tu wanaoweza kuhuisha hakimiliki. Kwa hiyo mwaka 1887 alimwasili kisheria John, mtoto wa dada yake Anna, kijana wa miaka zaidi ya 20 tayari. Machi 1888 Louisa akafariki, na hakimiliki zikawa na mrithi.

Hilo Gerwig hakulitia kwenye filamu.