Udhibiti wa utalii katika vivuko vya Mto Mara
Udhibiti wa utalii katika vivuko vya Mto Mara unalenga kupunguza msongamano wa magari ya watalii kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hasa Kogatende, ambako nyumbu huvuka Mto Mara kati ya Julai na Oktoba. Magari yakiziba kingo, wanyama hurudi nyuma au huteremkia penye magenge wanakoweza kuumia. Kwa hiyo kuwakataza wageni kushuka garini hakutoshi. Kila kivuko kinahitaji ukomo wa magari. Mfano upo Antaktika: mwaka 2009 nchi za Mkataba wa bara hilo zilikubaliana kwamba meli yenye abiria zaidi ya 500 isishushe watu, na kwa meli nyingine abiria wasizidi 100 nchi kavu kwa wakati mmoja.

Wapo wanaohofia kwamba ukomo utapunguza mapato na ajira kwa wakazi wa wilaya za Tarime na Serengeti, ikiwemo kata ya Busawe. Hofu hiyo ina msingi, lakini mgeni hulipia kuona nyumbu wakivuka, si foleni ya magari. Zamu za kuingia vivukoni hulinda kivutio chenyewe, na hifadhi yenye kilomita za mraba 14,763 ina nafasi ya kuwatawanya wageni.